Kisigino Kilikuwa Kizima

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyelifungua daftari hili na si mimi: nakuomba, lifunge. Kama umeshasoma, usimwambie mtu hata neno moja. Hata kwa nia njema.

Leo polisi wameleta vielelezo vya kesi ya yule mwanamke aliyeanguka kwenye ngazi za hoteli akafa. Ameshtakiwa bosi wake, tajiri wa maghala. Inasemekana alimsukuma. Mimi ndiye karani wa chumba cha vielelezo hapa mahakamani, nikapokea. Mfuko mmoja, ndani yake viatu vya mchuchumio. Nikaandika kwenye kibandiko: viatu vyeusi, jozi moja. Basi.

Ila viatu vyenyewe! Havina kifungo, havina kumeta, havina ua. Kisigino kirefu, chembamba kama penseli. Vingine vinakuita dukani kwa kelele. Hivi vinakuacha upite, halafu unageuka mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya upumbavu. Wenzangu walikwenda kula — nikajifungia, nikavivaa. Vikanikaa kama nilipimiwa. Nikatembea hadi kabati la mwisho, nikarudi. Mimi si mwepesi, shangazi huniita gunia. Lakini havikuyumba hata kidogo. Sijawahi kusimama wima vile. Kisha nikamkumbuka mwenye viatu, marehemu. Nikavivua, nikavirudisha mfukoni.

Jumatatu, 10 Machi

Kesi imeanza. Nimeupeleka mfuko mbele ya hakimu. Wakili wa tajiri akainua kiatu cha kulia: kisigino kinaning'inia kwa kipande cha ngozi. Akasema taratibu, kama anayefundisha watoto, kwamba hakuna aliyemsukuma mtu. Mwanamke alijivika vijiti miguuni, kijiti kikakatika. Watu wakacheka kidogo. Mama wa marehemu hakucheka. Alikitazama tu kile kiatu, anatikisa kichwa.

Kilikuwa kizima. Kilinibeba mimi!

Funguo za chumba ni mbili. Wangu, na wa mkuu wa masjala. Sote humwita Mjomba, kwa upole wake.

Dada wa mapokezi kanitania: mbona umepauka, bibie, au na wewe umesukumwa?

Jumanne, 11 Machi

Mjomba kaniita ofisini. Akafunga mlango.

"Mwanangu, kesho unapanda kizimbani. Utaulizwa jambo moja: viatu ni vilevile ulivyopokea? Jibu ndiyo. Si ni vilevile?"

Nikamwambia niliviona vizima.

"Uliviona, au ulivivaa?" Akatabasamu. "Ofisi yangu iko chini ya chumba chako. Nilisikia mwendo. Mwendo mzuri, nikajiuliza ni mwanamke gani huyo." Akasema karani anayechezea vielelezo hufungwa. Mdomo uliponza kichwa. Kisha, nikiwa mlangoni: "Msalimie shangazi. Peke yake mchana kutwa, maskini."

Sijawahi kumwambia naishi na shangazi.

Jumatano, 12 Machi. Asubuhi.

Shangazi nimemweleza yote. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya viatu. Akasema, "Wewe ukifungwa utatoka, mwanangu. Yule mama, wake hatoki kaburini." Akafunga nguo zake, kaenda kwa mkwewe.

Nitasema nilivivaa. Wanifunge.

Kuna gari nje. Dereva anasema ametumwa na Mjomba, nisichelewe. Mahakama naiona kutoka dirishani. Tangu lini karani akatumiwa gari? Na dereva simjui. Anapiga honi kwa adabu, mara mojamoja.

Napita mlango wa uani. Daftari nalisukuma chini ya mlango wa jirani yangu, mwalimu. Mwalimu, mpe mama wa marehemu — benchi la mbele, kitambaa cha buluu kichwani. Mkononi mwake, si kwa karani yeyote. Nitafute mahakamani, chumba cha pili, kabla ya saa nne. Nisipokuwepo, nenda kwa mkwe wa shangazi, nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Gonga dirisha, si mlango. Shangazi atakuambia nilipo. Simu yangu usiipige. Ukiipiga akapokea mwanamume, kata.

Na wakikuambia nimeacha kazi, sijaacha.