Kwenda Kwenye Milozi Si Safari

Jumanne, 16 Januari

Marehemu Orval katukwamisha! Baba mkwe amezikwa tangu mume wangu Thayne akiwa bado na nywele, lakini umeme wa nyumba hii mpaka leo ni wa jina lake. Shule inataka hati ya kuonyesha tunaishi jimbo la Idaho, nikatuma bili ya umeme. Bi. Arregui wa ofisi ya usajili akapiga simu, mpole kabisa: je, huyu Bwana Orval anaweza kuja kutia sahihi? Nikamwambia kuja labda angekuja, ila nyinyi mngekimbia. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

Anwani nayo ikawa kesi. Barua zetu huja kwenye sanduku la posta mjini — hataki. Sanduku si nyumba, asema. Nyumba yetu haina namba, iko mwisho wa barabara ya changarawe, kila mtu anaijua! Kila mtu isipokuwa shule. Mwishowe karatasi ya kodi ya ardhi ndiyo iliyotuokoa.

Ni shule ya umma, haina ada, ila haina jengo. Masomo yote kwenye kompyuta. Ina bodi yake na sheria zake, na sheria zenyewe hazina mwisho. Cheti cha kuzaliwa. Chanjo. Barua ya Shaylee binti yangu kwamba mimi ndiye mlezi wa mwanawe Maren mpaka yeye arudi kutoka melini, Septemba. Jeshi la majini halimsubirishi mtu eti ana mtoto wa miaka kumi.

Shaylee alipoondoka Agosti tulimpeleka Maren mjini Boise kwa Trina, mama yake mkubwa, karibu na shule nzuri. Ikawa balaa. Vuli nzima mtoto hakufungua mdomo darasani. Akiitwa jina, kimya. Walimu wakafikiri hasikii. Trina analia kwenye simu, mimi nalia jikoni. Tukamrudisha. Hapa anaongea vizuri tu — na mimi, na babu yake, na nyuki.

Swali la mwisho kabisa: je, familia itasafiri nje ya jimbo mwaka huu wa masomo? Nilicheka peke yangu. Kusafiri! Mara ya mwisho mimi na Thayne kusafiri ilikuwa fungate. Nikajibu hapana.

Jioni Bi. Arregui akapiga tena. Maren amepata nafasi. Ya mwisho! Wengine wako kwenye orodha ya kusubiri. Nikamkumbatia Thayne na glavu zake zote za asali. Sasa sweta langu linanata.

Jumapili, 28 Januari

Mizinga yote iko kwenye malori. Kesho tunaelekea California, kwenye milozi, mashamba ya miti ya lozi ambako nyuki wetu huchavusha maua, kama kila mwaka. Mgongo wa Thayne unalia lakini mwenyewe hakubali. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nitapumzika kwa marehemu baba." Mzee huyu!

Kabla ya kufunga turubai alipita kuwagongea nyuki na kuwaambia wanakwenda wapi. Kwao ndivyo walivyolelewa: nyuki huambiwa kila jambo la nyumbani. Harusi, msiba, mtoto kuzaliwa. Unagonga mzinga mara tatu, unasema. Usipowaambia wanasusa na kuondoka. Nilipoolewa nilimwona mwendawazimu. Sasa nami huwaambia.

Maren naye alikuwa na habari zake. Nilikuwa nyuma ya lori, nikasikia zote. Shule yake mpya ni nzuri. Mwalimu wake anaitwa Bwana Pruitt na ana paka asiye na mkia. Bado hajamwambia kitu. Anaandika tu majibu, na kamera ameizima. "Msimwambie Bibi, lakini kuna siku nilikaribia."

Nimekaa tu na siri ya nyuki.

Jumatano, 7 Februari

Mvua. Matope mpaka magotini. Trela tunamolala linanuka soksi. Mwenye shamba ametuunganishia intaneti yake, Mungu ambariki, na Maren hajakosa kipindi hata kimoja.

Na leo — leo amesema!

Hesabu. Bwana Pruitt kauliza, na ghafla nikasikia sauti ya mtoto wangu mezani: "Theluthi mbili." Basi. Neno lenyewe ndilo hilo. Nilikuwa namenya viazi, nikasimama na kisu hewani. Bwana Pruitt hakushangilia — mwalimu mwenye akili! — alisema tu sawa kabisa, asante Maren, wakaendelea.

Mimi nilitoka nje nikalia kwenye mvua. Thayne kaniuliza nani kafa. Nikamwambia theluthi mbili. Akanitazama. Nilipomweleza akavua kofia, akaenda kuwaambia nyuki.

Usiku tumekula maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, kama nyumbani siku za sherehe.

Jumatano, 21 Februari

Sijui niandike vipi. Siku nzuri kuliko zote, na mimi naogopa simu.

Darasa lilipewa kazi: eleza desturi moja ya nyumbani kwenu. Wiki nzima Maren hakuniambia atafanya nini. Leo asubuhi kachukua kompyuta, katoka nayo nje mpaka kwenye mizinga, na akawasha kamera. Yeye mwenyewe! Milozi imechanua yote tangu jana, maua meupe juu, meupe chini. Akagonga mzinga mara tatu. "Nyuki, mimi ni Maren. Niko darasani. Hawa ni wenzangu." Akaeleza yote: Babu Orval, harusi, misiba, jinsi wanavyosusa. Akaeleza na habari ya mama yake, kwamba alipoondoka hakuna aliyewaambia nyuki, yeye ndiye aliyewaambia. Dakika tano nzima! Nilisimama nyuma ya lori na Thayne, ameushika mkono wangu mpaka unauma.

Kisha mtoto mmoja akauliza: "Maren, mbona kwenu kuna maua? Huku theluji iko mpaka dirishani."

"Hapa si Idaho," Maren akasema, furaha tele. "Tuko California. Tunakaa mpaka maua yaishe."

Bwana Pruitt akanyamaza kidogo. Kidogo tu. Halafu akasema ilikuwa nzuri sana. Lakini ile kidogo niliisikia.

Alhamisi, 22 Februari

Kweli, simu. Bi. Arregui, sauti ya chini. Mwanafunzi akiwa nje ya jimbo zaidi ya siku kumi za masomo bila kibali, nafasi yake inafutwa. Sisi tumeshazipita. Bwana Pruitt alilazimika kuripoti, na amemwomba aniambie kwamba hakulala.

Nikamwambia hatujasafiri! Tumeleta nyuki kwenye milozi! Huko kwetu ukimuuliza mfuga nyuki yeyote mwezi wa pili, je, umesafiri, atakwambia hapana, na atakuwa California. Kusafiri ni Hawaii. Kusafiri ni kofia na picha. Hii ni kazi, kama kwenda zizini, ila zizi liko mbali.

Akasema, "Bi. Verla, nakuelewa. Mngeomba kibali kabla ya kuondoka, ningekipitisha siku hiyohiyo." Siku hiyohiyo! Nilitaka kujipiga kofi.

Sasa hana mamlaka. Ni bodi tu, nayo inakutana kesho. Tunaweza kusema kwa simu. Kuna mtoto mwingine anasubiri nafasi hiyo, na sheria iko upande wake. Naye bila shaka ana bibi anayeomba Mungu.

Thayne hakunilaumu. Nilitaka anilaumu! Alisema tu, "Wameuliza kusafiri. Hata mimi ningejibu hapana." Halafu akaniletea chai, ambayo hajui kupika. Nimeinywa yote. Nampenda huyu mtu kupita kiasi.

Trina kapiga. Chumba cha Maren kipo, shuka ni zilezile, shule ya Boise itampokea Jumatatu. Ana moyo mzuri, binti yangu. Lakini Maren alikuwa amesimama mlangoni, kasikia. Hakusema kitu. Wala wakati wa chakula. Nikamuuliza mchuzi unataka? Akatikisa kichwa.

Amerudi kulekule. Siku moja tu, na amerudi kulekule.

Ijumaa, 23 Februari

Saa nne asubuhi. Tumekaa kwenye simu tunasubiri zamu yetu. Niliandaa maneno yangu yote, nimeyarudia mbele ya Thayne, akasema yamekaa vizuri ila nipunguze habari za fungate.

Maren hajasema neno tangu jana. Kavaa koti lake la nyuki, sijui kwa nini, kofia ya wavu iko mapajani.

Tumeitwa. Mama mwenyekiti ana sauti kavu. Alisoma sheria yote mpaka mwisho. Akasema bodi imeelewa kosa lilivyotokea, lakini ikimwachia mmoja itawaachia wote, na watoto wanasubiri. Mlezi ana la kusema?

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi! Thayne anasema nimeongea bila kupumzika tangu tuoane. Mama mwenyekiti akauliza, je, bado mko hewani?

Maren akainuka. Akavuta simu kutoka mkononi mwangu, akaiweka mezani, katikati ya vikombe. Akagonga meza. Mara tatu.

"Nani anabisha hodi?" mama mwenyekiti kauliza.

"Mimi ni Maren," akasema. "Nina habari ya kuwaambia."

Sauti inatetemeka lakini inatoka. Ameanza na siku meli ya mama yake ilipoondoka. Sasa amefika kwenye habari za Boise, za lile darasa, anawaambia kwamba alisikia kila alichoulizwa. Anawaambia kuhusu paka asiye na mkia. Amesema pia kuhusu yule mtoto anayesubiri, kwamba naye apewe nafasi, kama kuna njia yoyote, lakini yake wasiichukue kwa sababu hapo ndipo sauti yake ilipo. Hayo sikumfundisha mimi.

Hakuna anayemkatiza. Thayne amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mimi naandika hapa ili mikono yangu isiguse ile simu.

Kuna mtu amekohoa upande wa pili. Maren kasubiri kidogo, kisha kaendelea.

Bado anaongea.