Fomu Niliyoichelewesha

Kwako Nyokabi, uliyekuwa mchumba wangu,

Sina namba yako. Ile ya zamani siku hizi inapokelewa na mzee mmoja anayeishi kule Bahati, mtu mpole kweli, ambaye nilipompigia mara ya tatu aliniambia, "Kijana, huyo msichana alienda. Pole sana." Ndiyo maana nakuandikia hadharani, mahali ambapo hata waliotujua sote wawili watasoma. Wasome tu. Kuna jambo nilikuambia miaka kadhaa iliyopita ambalo halikuwa kweli, na nimesikia kwamba mpaka leo unaliamini. Nataka ulijue lilivyo kabla hujazeeka nalo.

Lakini niache nianze na mazuri, maana nikianza na lile baya sitamaliza barua.

Siku tuliyojuana ilikuwa Jumatatu. Nilifungua chumba cha kompyuta cha idara yetu ya hali ya hewa pale chuoni, nilikokuwa fundi, nikakuta kazi za wanafunzi zimeganda kwenye foleni tangu Ijumaa, kila mmoja anangoja mashine kubwa imkokotolee utabiri wake, na mashine yenyewe imeshikwa na mtu mmoja. Nikatoka mlangoni nikapaza sauti, "Nyokabi ni nani hapa? Nani amekula mashine wikendi nzima?" Ukainuka kwenye ngazi na sweta yako ya kijani, wala hukuharakisha. "Ni mimi. Na usiizime, boss, imebakisha kidogo tu." Zoezi la darasa lilitaka mvua ya Nakuru peke yake. Wewe ulikuwa umeiagiza mvua ya Kenya nzima, mlima kwa mlima. Nilikuwa na haki zote za kuizima. Nikakuacha umalize, na wenzako wakaninunia mpaka Jumatano.

Ramani ilipotoka ulibandika kidole kwenye skrini, pale bonde la Subukia linapoteremka. "Hapa ndio kwetu. Mami yuko hapa saa hii, anakamua." Nilikuwa mkali sana kwa watu wanaogusa skrini. Sijui kwa nini wewe nilikuacha.

Baadaye ulianza mafunzo yako ya Jumamosi. Hakuna aliyekutuma wala kukulipa. Uliona tu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingia mle ndani wakiwa hawajawahi kushika kitu zaidi ya simu, wanakaa nyuma, wanaona haya kuuliza. Ukawa unawaketisha mmoja mmoja. "Usiogope kuharibu," ulikuwa ukiwaambia, "hiyo mashine imeshaharibiwa na maprofesa." Nilikuwa najifanya natengeneza nyaya huku nikisikiliza. Wengine wa wale wanafunzi sasa wana kazi nzuri Nairobi, na wakinipigia simu bado wanakuulizia.

Na mama yako! Kila msimu alikuwa anapiga simu kuuliza jambo moja, apande ama asipande. Mwaka ule ulimwambia, "Ngoja Alhamisi, Mami," halafu Jumatano nzima ukashinda unapanda juu ya paa kuangalia mawingu upande wa mlima Menengai, roho mkononi. Nilikutania kwamba kompyuta imeshasema mvua, unatafuta nini huko juu. Ukanijibu kwamba kompyuta haina shamba. Alhamisi mchana simu yako ikalia. Ulinyoosha mkono ukaniwekea simu sikioni, nikasikia mvua ya Subukia ikipiga mabati na mama yako akicheka peke yake. Hapo ndipo nilipoamua nitakuoa.

Sasa niseme kuhusu zile saa, kwa ajili ya wengine watakaosoma. Wewe unazijua. Watu wa hali ya hewa duniani kote wanatumia saa moja, ile ya Greenwich, ili kipimo kilichochukuliwa Nakuru na kingine cha India viweze kuingia kwenye ramani moja. Saa hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa ya ukutani mle chumbani ilikuwa hiyo, mashine zote zilikuwa hiyo, na sisi tulikuwa tunaongeza tatu kichwani bila hata kufikiri. Wewe na mimi tukaifanya ya nyumbani. Ulikuwa unanitumia ujumbe wa tarakimu tupu, 10:00, nami najua unataka tukutane saa saba mchana kwa mathe wa chapati, yule mama wa kibanda. Watu walitucheka. "Hawa wawili wanaishi nchi ingine." Ni kweli tuliishi nchi nyingine, na niliipenda.

Halafu likaja lile tangazo la mafunzo. Miezi sita ng'ambo, kujifunza kuendesha utabiri kwenye kompyuta ambazo yetu ingekuwa mjukuu wao. Ulijaza fomu kwa wiki mbili. Ukaandika maelezo, ukayafuta, ukaandika upya. Ilipobaki saini ya mkuu wa idara, mama yako akaanguka shambani akaumia nyonga, ukaondoka Alhamisi kwenda Subukia. Uliniachia fomu kwenye kompyuta yangu. "Ukipata saini, tuma. Nakuamini kuliko network ya huko kwetu."

Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, 14:00.

Mimi nikasoma 14:00, nikaongeza tatu, nikapata saa kumi na moja jioni. Mathe wa chapati angeniambia ni saa nane mchana, na angekuwa sawa. Tangazo liliandikwa na karani wa ofisi ya Nairobi anayehesabu saa kama Wakenya wote. Ni sisi tu wa mle ndani, walimu na wanafunzi na mimi, ambao tungeweza kulisoma vibaya. Nilipata saini saa tano asubuhi. Nikaenda kula. Nikarudi nikabadilisha kibodi ya mtu, nikapiga soga kidogo, nikaketi na fomu yako. Niliituma saa tisa na nusu, tena nikijisifu kwamba nimewahi. Ukurasa ukaandika kwamba maombi yamefungwa. Nikalaumu mtandao. Nikajaribu mara nne. Ndipo nikarudi kwenye tangazo nikaona, chini kabisa, kwa maandishi madogo: saa za Afrika Mashariki.

Nilipiga simu Nairobi. Mama mmoja akaniambia pole, system inajifunga yenyewe, hakuna mtu wa kuifungua. Nilikuwa bado nimeshika simu uliponipigia wewe.

"Imeenda?"

"Imeenda," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kama lile lilikuwa kosa la mazoea tu. Ulikuwa unaondoka kwa miezi sita, na wanaoondoka hivyo wengi hawarudi. Sikukusudia, naapa. Lakini sikuwa na haraka pia, Nyokabi. Mtu anayetaka kitu kifike hukituma kwanza, halafu ndiyo anakula. Hilo nimelikubali, na limenichukua muda mrefu kulikubali.

Majina yalipotoka ulikuja mle chumbani ukasimama karibu na dirisha. Ulisema, "Hawakunichukua." Nikasema ushindani ulikuwa mkali. Ningeishia hapo, labda leo ningekuwa muongo wa kawaida. Lakini ukaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na fomu mwishoni, ni wapi palikuwa dhaifu. Uliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kurekebisha. Nikaogopa kwamba nikikosa jibu utashuku. Nikakwambia, "Labda ile sehemu ya hesabu."

Ukatikisa kichwa. "Nilijua tu. Hizi vitu si za watu kama sisi."

Hukulia. Jumamosi iliyofuata hukuja kufundisha, na iliyofuata pia. Muhula ulipoisha ulikuwa umeacha masomo. Siku uliyonirudishia ufunguo wa chumba uliniambia nisijilaumu, kwamba nimekufanyia yote ambayo mtu angeweza, ila kila ukiniona unakumbuka ile orodha. Nilipokea ufunguo nikanyamaza. Nikikumbuka makosa yangu yote, hiyo dakika ndiyo inayoniamsha.

Siku hizi ungeingia mle ndani usingepatambua. Wanafunzi wana kompyuta zao, wanaunganisha na mashine kubwa wakiwa hosteli, na mafunzo mengi wanayapata kwenye simu zao. Foleni ya kazi bado ipo lakini sioni sura za watu, naona majina yao tu. Mlango haugongwi. Nashinda na mlio wa feni. Saa saba naenda kwa mathe wa chapati, na yeye kwa huruma yake hakuulizii tena, ananiwekea sahani nakula naondoka. Sikuoa. Sikwambii hivyo ili unionee huruma. Ni upweke, niliujenga mwenyewe, na ninaujua kila kona yake.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mgeni alisimama Gilgil kununua dawa ya kupe kwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo. Alirudi na kisa cha kutuchekesha wakati wa chai. Mzee mmoja alikuwa dukani anauliza kama mvua iko karibu, apeleke mbegu ama angoje, na mwanamke wa dukani akamjibu, "Mzee, mimi mambo ya mvua siyajui. Uliza wenye vichwa." Tena alisema hivyo akiwa anatazama mawingu nje, mwalimu akasema, anayatazama kabisa. Wote wakacheka. Mwalimu yule hakujui. Nikamuuliza huyo mwanamke anafananaje, akaniambia, nikaenda kujifungia chooni.

Jumamosi nikaja Gilgil. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikakuona unampimia mama mmoja mbegu. Nilikuwa na maneno tayari. Sikuvuka barabara, nikarudi Nakuru.

Halafu wiki hii tangazo la mafunzo yale yale limetoka tena. Mkuu wa idara aliniagiza niwasomee wanafunzi. Nilipofika kwenye saa ya mwisho, msichana wa mbele akainua mkono. "Boss, hiyo saa ni yetu ama ni ya mashine?"

Lilikuwa swali la sekunde moja, na mimi wakati ule sikuliuliza. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SAA NANE MCHANA, SAA ZA NAKURU. Nikawaacha hapo, nikaenda kwa mkuu wa idara, nikamweleza kila kitu. Ni yule yule mama aliyetia saini fomu yako. Alivua miwani akauliza, "Na umekaa na hii kitu peke yako muda huo wote?" Ataamua cha kunifanya, na nitakubali. Lakini alinionyesha pia mstari ambao sikuwa nimeufikia: waliowahi kusoma kwetu wanaruhusiwa kuomba. Anasema ukimletea fomu atatia saini siku hiyo hiyo, mbele yako, na utaituma kwa mkono wako mwenyewe.

Sikuombi unirudie. Hata msamaha siuombi leo, kwa sababu nikikuomba unisamehe utakuwa tena unanifanyia kazi mimi. Omba mafunzo au usiombe. Duka ni kazi ya heshima, na wakulima wa Gilgil wana bahati kukupata. Mama yako msalimie, na umwambie mwenyewe nilichofanya, kwa maneno utakayochagua.

Nakuaga, Nyokabi. Nilitaka tu ujue kwamba hawakukukataa. Mkuu wa idara alitia saini tu; fomu yako haikusomwa na mtu mwingine duniani isipokuwa mimi. Niliisoma mara tatu Ijumaa ile, na ile sehemu ya hesabu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Aliyekuwa mchumba wako,
wa chumba cha kompyuta