Jiwe Nililolipiga Tupa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Anayekuandikia ni ndugu yako yuleyule, mtu ambaye bila yeye lile jumba la makumbusho lingekuwa banda la kuku. Walinzi hunifungulia kabla sijabisha, na wataalamu wakikwama juu ya kuta za kale huniuliza mimi, ingawa darasa la tano sikulimaliza. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku miili mizima, roho ndizo zinazoumwa.

Nianze na mazuri. Tangu binti yako anichukue nikae kwake, kila Jumapili naingia bure huko makumbusho, kwa kuwa yeye ndiye mtunza ghala la vitu vilivyochimbwa ardhini. Mimi husimama mbele ya lile lango la kale la mawe hadi miguu inawaka moto. Nikirudi, nalijenga upya uani, dogo, juu ya mlango mbovu nilioulaza chini, kwa vijiwe ninavyovichonga mwenyewe, kila kimoja kama kipande cha sukari. Vijiwe elfu kumi na moja, dada! Binti yako anadai alihesabu mia nane na kitu, lakini yeye alihesabu vya mbele tu. Jirani yetu fundi cherehani alinitania kwamba sasa panya wa mtaa huu wamepata ikulu. Nikamwambia panya wa kwake watapanga foleni.

Likabaki tao la juu. Tao halisimami mpaka lipate jiwe la kati, lile la kulifunga. Mawe ya huku ni laini. Kila nikikaribia kumaliza, ncha inamegeka. Nilivunja saba. Basi siku moja nikampelekea binti yako chakula cha mchana ghalani. Akatoka kwenda kunawa mikono. Mezani, katikati ya vumbi na brashi, nikaona jiwe dogo jeusi, gumu, lina umbo la kabari, na doa jeupe ubavuni. Wewe hujafanya kazi ya ujenzi, hutajua: kwetu sisi, kipande kilichobaki mezani ni cha atakayekiwahi. Nikalitia mfukoni.

Nyumbani likagoma kuingia, kwa unene wa ukucha tu. Nikalipiga tupa pande mbili, kutwa nzima, mpaka mkono ukafa ganzi. Lile doa nalo nikalisugua, maana fundi hajengei jiwe chafu. Likaingia kama ulimi kinywani. Majirani wakaja kutazama, na fundi cherehani mwenyewe akavua kofia.

Siku ya tatu binti yako akarudi mapema, macho yamevimba. Akanieleza kwamba limepotea jiwe la mizani, ambalo wachuuzi wa kale walilitumia kupimia bidhaa zao. Nikamwambia jiwe ni jiwe, waokote jingine. Akanijibu kwa upole kwamba lile ndilo pekee lililopatikana zima, na thamani yake yote ni uzito wake, na wataalamu walikuwa waje kulipima. Hata namba yake ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa wino mweupe.

Dada, nilikaa nikahisi kiti kinaungua. Uzito wenyewe nilikuwa nimekwisha kuufagia, nikautupa na takataka.

Ufunguo wa ghala anao yeye peke yake. Wamemsimamisha kazi, na Ijumaa anasimama mbele ya kamati. Mkubwa wake amemwambia wazi kwamba jiwe lisipoonekana, wataandika kuwa ameliuza. Mwanao huyu, ambaye hata kijiko cha pili cha sukari hukiombea ruhusa! Hali, halali. Na linaloniua zaidi ni kwamba ananibembeleza mimi nile, akidhani nimekonda kwa kumwonea huruma.

Jana nimelibomoa tao. Jiwe ninalo, nimelifunga ndani ya soksi. Nikilirudisha, limepungua na namba halina. Nisipolirudisha, mtoto anaitwa mwizi. Nimezunguka uani usiku na mchana kama kuku aliyepoteza kifaranga, sikuona njia ya tatu. Basi Ijumaa nakwenda nalo mwenyewe mbele ya kamati, niseme nililichukua mimi na nikalipiga tupa mimi. Wanifunge wakitaka. Lakini sitaki alisikie kwa mara ya kwanza mbele za watu. Simu sina, na yake siwezi kuiazima kwa neno hili, basi barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayepita kwenu kesho Jumatano. Nakupigia magoti, dada, ukiisoma tu, mpigie simu mwanao umweleze. Kunilaani utanilaani baadaye, muda tutakuwa nao.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote waambie mjomba wao anawakumbuka.

Utauliza kwa nini nisimwambie mwenyewe. Yuko sebuleni, hatua sita kutoka meza hii ya jikoni. Sasa hivi amechungulia, akauliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia mwenyekiti wa kamati, namtetea. Amenishika bega, akanishukuru, akaniwekea chai. Namwogopa, dada. Mtoto niliyembeba mgongoni, namwogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mkuu