Maji ya Samaki

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo nimekwenda kutengeneza kiyoyozi cha daktari wa meno, nimerudi na ugonjwa. Si wa meno. Pale wagonjwa wanaposubiri kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani samaki wawili wa rangi ya chungwa, mistari myeupe, wanaogelea kama wamelewa. Kilichonimaliza ni hiki: wanalala ndani ya mnyama anayefanana na ua, mwenye mikono laini isiyohesabika. Anemoni, ndivyo daktari alivyoniambia. Samaki wengine wakimgusa anawachoma. Hawa wawili, aah, ndiyo godoro lao! Nilisimama na bisibisi mkononi mpaka daktari akaniuliza kama kiyoyozi kimehamia kwenye tangi.

Nimemwambia mke wangu nataka la kwangu. Akacheka. Yeye anafundisha udereva, amezoea watu wanaotaka kukanyaga mafuta kabla ya kufunga mkanda. Eti mimi siwezi hata kusubiri chai ipoe. Kweli — ulimi unaniwasha ninavyoandika.

Jumatano, 18 Oktoba

Tangi limepatikana! La mtumba, lina mkwaruzo pembeni, lakini halivuji. Limekaa sebuleni juu ya fremu ya friji iliyokufa. Fundi wa friji hatupi kitu.

Muuza samaki ni mtu mwembamba, mpole, na kila swali jibu lake ni subira. Nimembandika jina: Bwana Subira. Ameniuzia mawe yenye matundu, chumvi ya pakiti, pampu, chujio, kipima chumvi. Samaki amenikatalia. Lazima maji yaive kwanza, vijidudu wazuri wazaliane kwenye mawe, maana hao ndio watakaokula uchafu. Nikamuuliza kama anauza samaki au anauza kusubiri. Akasema vyote viwili, ila cha pili anatoa bure.

Na amenisisitizia jambo moja mpaka nikachoka: maji yakipungua kwa joto, yanayoruka ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji matupu. Ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha tu. Nimeelewa, mimi si mtoto. Dumu la bluu, la maji ya chumvi, nimeliandika kwa kalamu nene: MAJI YA SAMAKI. Dumu jeupe la maji matupu sikuandika kitu. Nani asiyejua maji?

Jumapili, 12 Novemba

Nina tangi la mawe. Jirani alikuja, akakaa, akatazama kwa muda, akauliza samaki wamejificha wapi. Nikamwambia bado hawajafika. Akasema mawe ni mazuri.

Juzi kila kitu kilifunikwa na ukungu wa kahawia. Nikataka kumwaga yote nianze upya. Mke wangu akaninyang'anya ndoo. Bwana Subira anasema huo ndio uzuri wenyewe, maji yanakomaa. Haya.

Ijumaa, 1 Desemba

Wamekuja! Wawili! Nimeelea na mfuko juu ya maji — yaani mfuko umeelea, mimi nilikuwa nimeushika — mpaka joto likalingana, kisha wakatoka. Mkubwa akazunguka tangi lote kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Mdogo nyuma yake, mdomo kwenye mkia.

Bwana Subira anasema hawa wote huzaliwa madume. Wakikaa pamoja, mkubwa anageuka kuwa jike na ndiye mkuu wa nyumba. Mke wangu amesema kwa hiyo hata samaki wanajua.

Nina furaha. Naandika hivyo hivyo: nina furaha. Anemoni ndiye bado. Tangi ni changa, eti nisubiri tena.

Jumatatu, 8 Januari

Mama mkwe amefika. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, akalala pale chini mpaka mtu akapita. Hakuvunjika, Mungu mkubwa. Anakuja kutusalimia tu, ndivyo anavyosema. Lakini mke wangu anataka akae moja kwa moja. Kule anaishi peke yake na zile ngazi, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anasafiri kila mara. Usiku huu ameniambia bila mzaha: mfanye mama asijione mgeni. Nimeahidi.

Chumba chake nimekipaka rangi mwenyewe. Nilitoa kompresa zote za friji zilizojaa humo, nikaweka pazia jipya. Alikitazama akasema ni kizuri sana. Akaweka begi juu ya kiti, zipu imefungwa.

Jumamosi, 20 Januari

Begi bado limefungwa. Kila asubuhi anatoa nguo moja, anafunga zipu tena.

Nami hazungumzi. Si kwa ubaya! Ni heshima. Akitaka kitu anapitia kwa binti yake, nami niko palepale: "Muulize baba kama atakunywa chai." Nami namjibu mke wangu: "Mwambie mama nitashukuru." Mke wangu amesema atatudai nauli ya kupeleka ujumbe.

Akinyanyua sahani, mke wangu anaipokea. Akishika ufagio, mimi nauchukua. Alikuwa mpishi wa bweni la shule, alilisha watoto mamia, leo amekaa mikono mapajani. Apumzike, amefanya kazi vya kutosha.

Anachopenda ni kukaa mbele ya tangi. Nimemwekea kiti chenye mto.

Alhamisi, 1 Februari

Mimi ni fundi! Nimetengeneza kifuniko cha tangi kwa rafu ya kioo ya friji, nimeacha nafasi ya hewa, pembeni nimeweka mpira wa mlango wa friji. Na tangu nikiweke maji hayapungui! Zamani kila asubuhi niliongeza jagi zima. Sasa siku nyingi zimepita, dumu jeupe sijaligusa, na maji yako palepale kwenye alama. Mvuke wote unarudi ndani. Nimemweleza mke wangu wakati wa chakula, nimemchorea na mchoro. Mama mkwe alisikiliza kwa makini sana, akatabasamu, akainamia sahani yake.

Nafikiria kuwauzia watu vifuniko.

Jumapili, 18 Februari

Anemoni! Hatimaye Bwana Subira amekubali. Aliniuliza kama nimepima chumvi. Nikamjibu maji yangu hayapungui, nipime nini? Akanitazama. Wateja walikuwa wengi, akaachia hapo.

Nimemweka kwenye jiwe la katikati. Akafungua mikono polepole, ncha za zambarau. Sote watatu tukasogea karibu. Tukangoja samaki waingie.

Wapi! Mkubwa alikuja, akatazama, akageuza mgongo. Wamekwenda kulala palepale walipozoea, nyuma ya bomba la pampu, wamebanana. Nimewawekea kitanda cha kifalme, wao wanataka korido. Mama mkwe akamwambia mke wangu, "Mwambie baba asiwalazimishe. Bado wanajiona wageni."

Jumatano, 21 Februari

Mambo mabaya. Anemoni amenywea, amebaki donge. Samaki wanahema juujuu, mdogo hataki kula. Nimekimbilia kwa Bwana Subira na maji kwenye chupa.

Akapima. Akapima tena. Chumvi imepita kiasi, imepita mbali! Akaniuliza naongeza maji gani. Nikasema siongezi, nina kifuniko. Akaniambia kwa upole uleule tangi lisilopungua maji halijazaliwa bado, na kama langu halipungui basi kuna mtu anajaza. Nani? Mke wangu anatoka alfajiri kwa wanafunzi wake. Mimi niko kazini. Nimerudi nyumbani nikakiangalia kifuniko changu. Kina mwanya ambao kidole kinapita.

Alhamisi, 22 Februari

Nimemwona.

Asubuhi nilisahau mita yangu ya kupimia umeme, nikarudi. Mama mkwe amesimama kwenye tangi, kifuniko ameegemeza ukutani kwa adabu zote, jagi mkononi. Anamimina taratibu, kiganja chake chini ya jagi ili maji yasiwashtue samaki. Miguuni pake dumu la bluu. MAJI YA SAMAKI. Mwandiko wangu!

Nilipaswa kusema kitu. Neno lolote. Ulimi ukagoma — nimwambie mama mkwe amekosea? Nikageuka nikatoka. Aliniona. Najua aliniona, jagi lilisimama hewani.

Mita sikuichukua. Siku nzima nimetengeneza friji kwa kubahatisha.

Ijumaa, 23 Februari

Nimerudi nikamkuta mke wangu macho mekundu. Mama amempigia shemeji simu aje kumchukua. Jumapili ijayo, tarehe tatu. Amesema amekuja kusalimia, amesalimia, sasa anaharibu vitu vya watu. Atakwenda kwake. Kwenye ngazi zile!

Mke wangu alitutazama wote wawili, mimi mlangoni, mama kwenye kiti chake. Akasema, "Leo mimi sibebi ujumbe wa mtu." Akachukua ufunguo wa gari, akatoka.

Tukabaki. Pampu inanguruma. Sijui nani alikohoa wa kwanza.

Nikasema, "Mama, kosa ni la maandishi yangu." Nikamweleza habari ya maji yanayoruka na chumvi inayobaki. Alinisikiliza, kisha akapiga kiganja kwa kiganja.

"Kwani mimi sijui? Mchuzi ukikauka utaongeza chumvi? Nimepika miaka yote ile! Mara ya kwanza niliwaza hivyo hivyo, nikalishika lile dumu jeupe. Halafu nikasema, wewe bibi, hapa si jikoni kwako, fuata walivyoandika wenyewe."

"Ungeniuliza, mama."

"Na wewe ungeniambia." Akaugonga mto wa kiti chake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmenikalisha kwenye mto. Hata ufagio mnaninyang'anya. Nikaona tangu uweke kifuniko hili tangi linapungua, hakuna anayelijaza, nikasema angalau hili ni langu. Nikakusikia unasifu kifuniko, nikaona ninyamaze, nisikuharibie furaha yako."

Nimeona aibu na nimetaka kucheka, vyote pamoja. Yaani nilijivunia kazi ya mama mkwe nikiita yangu! Hadi mchoro nilichora!

Nikamwambia chumvi haishushwi kwa mkupuo, samaki watakufa. Unatoa jagi la maji ya chumvi, unaweka jagi la maji matupu, asubuhi na jioni, siku kadhaa, huku unapima. Mimi sina mkono huo. Mimi nitamwaga yote mara moja, ndivyo nilivyo. Nikampa kipima chumvi.

Akakigeuza mwangani. "Nitawafanyia mpaka Jumapili," akasema.

Jumatatu, 26 Februari

Anashusha. Polepole kama mtu anayemnywesha mtoto uji. Sasa ananisemesha moja kwa moja: "We baba, sogea, unanizibia mwanga." Mke wangu alisikia akiwa jikoni, akadondosha kijiko.

Mdogo amekula. Sahani leo ameosha mama, na hakuna aliyesogea. Vigumu kweli, nilikalia mikono yangu.

Ijumaa, 1 Machi

Anemoni amefungua! Nusu, lakini amefungua. Chumvi imerudi kwenye mstari. Samaki bado korido, nyuma ya bomba. Mama anasema waache, mtu haingii kitanda kwa kuonyeshwa.

Nimemwomba abaki. Nimesema mwenyewe, bila mjumbe: mama, baki. Akasema neno lilishatolewa, mwanawe ameshaomba ruhusa kazini, na mtu mzima hayumbiyumbi. Begi liko palepale kwenye kiti. Nimekasirika, kisha nikala, kisha nikakasirika tena.

Jumapili, 3 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji, siwezi kukaa.

Shemeji amefika. Gari liko nje, linanguruma, hapa barabara ni nyembamba, amesema hazimi, tutoke upesi. Begi nimelipeleka mlangoni mimi mwenyewe, mikono mizito. Mama amevaa kanga yake ya safari na kiatu kimoja. Kile cha pili alikuwa anakivaa akiwa ameshika ukingo wa tangi, asianguke.

Hapo mkubwa akatoka nyuma ya bomba. Akamkaribia anemoni. Akagusa kwa tumbo, akaruka nyuma. Akagusa tena. Halafu akaingia — akaingia kabisa! Mikono ikamfunika, kikabaki kichwa tu. Mdogo amebaki nje anazunguka, hajui afanye nini.

Honi.

  Mama ameketi kwenye kiti, kiatu kiko mkononi.

Honi tena, ndefu.

"Mwambieni azime hilo gari," amesema mama, hageuki. "Anawashtua. Huyu mdogo bado hajaingia."

Mke wangu ametoka kwenda kumwambia. Injini imezimika. Nasikia mlango wa gari, nasikia shemeji anauliza kuna nini. Begi liko mlangoni, itabidi aliruke. Na mama ananiita, ananiuliza dumu jeupe nimelihamishia wapi, maji yamepungua kidole kizima.