Daftari la Beki wa Kati

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kile kikohozi chake kimekwisha. Mimi mwili hauna neno. Huku mvua imenyesha wiki nzima, soksi hazikauki, na bweni la timu linanuka si mchezo. Najua utagomba kwa nini sikupiga simu. Mengine hayasemeki kwa simu, dada, ulimi unakuwa mzito.

Msimu ulipoanza, kocha alimpa kila mchezaji daftari. Alisema mechi huchezwa kichwani kwanza, basi kila jioni tuandike tulichofanya vizuri, tulichoogopa na tutakachorekebisha. Tulimcheka! Golikipa alisema yeye aliikimbia shule kwa sababu ya insha, na sasa insha imemfuata mpaka golini. Mimi nikaandika. Unanijua, nikiambiwa chimba, nachimba. Na haki ya Mungu lilinisaidia: nikiandika kwamba namwogopa mshambuliaji fulani, kesho yake hofu imepungua nusu.

Juzi kocha akatuambia tuyasome madaftari yetu tangu ukurasa wa kwanza, tuone tulivyokua kabla ya fainali ya Jumamosi. Nikakaa kitandani, nikasoma. Nikakuta ile mechi niliyogongana vichwa na mtu kwenye kona nimeiandika siku tatu mfululizo, kila siku kama ndiyo kwanza imechezwa. Maneno yaleyale. Nikadhani golikipa kanifanyia utani wake, lakini mwandiko ni wangu.

Nilipomwonyesha, hakucheka. Alisema siku hizi namuuliza jambo moja mara tatu, nne, na wenzangu wote wanajua. Walikubaliana wanyamaze mpaka fainali ipite, kwa sababu beki wa kuziba nafasi yangu hawana. Watu ninaokula nao sahani moja! Hilo liliniuma sana.

Naogopa, dada. Nimepiga mipira ya vichwa tangu nina miaka kumi na miwili. Kesho nampelekea daktari wa timu hili daftari. Akilisoma, mpira basi, na kazi nyingine siijui.

Ila si hilo lililonikalisha niandike. Huenda umeona kwenye salamu sikumuulizia mtoto. Kuna ukurasa unasema ulikuja kunitembelea Jumapili moja, ukanipa mwanao nimpakate, akanikojolea jezi, nikagoma kuivua, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nimeandika kwamba tangu tumzike mama sijapata siku njema kama ile. Nimeusoma ukurasa huo mpaka macho yameuma. Sikumbuki, dada. Kabla ya kuusoma, nilikuwa sijui kama umejifungua.

Nisamehe. Msalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mpakate mwanao kwa niaba yangu. Ukijibu, niandikie jina lake, maana siku ile sikuliandika.

Ni mimi, mdogo wako.