Sampuli za Uwanja wa Zamani

Machi 4

Kwako mwanangu,

Marahaba, kama umenisalimu. Mimi mwili haujambo, mama yako hajambo, goti lake limetulia. Salamu zimeisha. Naandika kwa kalamu na mama yako atakutumia picha ya barua hii, maana kwa simu ungeniambia mtandao unakatika.

Leo asubuhi katibu wa klabu ya gofu ameniita dirishani kwake akanionyesha ripoti ya wataalamu wa nyasi. Kurasa arobaini. Inasema majani ya Uwanja wa Zamani yameoza mizizi, yana ukungu, hayatibiki. Inasema grini zote kumi na nane, yaani pale pote mpira unapoviringishwa kuingia shimoni, zing'olewe na kupandwa majani ya kununua. Nikafika ukurasa wa mwisho nikaona sahihi. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. Sahihi yako!

Wewe! Wewe uliyejifunza kutembea juu ya grini ya saba, pekupeku! Majani yale nimeyalea miaka thelathini na moja. Mwaka ule wa ukame, uwanja wote ulipokauka kama mkeka, kipande kimoja tu cha grini ya saba ndicho kilichobaki kijani. Nilikimega kwa kisu, kidogo kidogo, miezi na miezi, mpaka grini zote zikapona. Hakuna duka linalouza majani yale. Klabu inajisifu kwamba ina miaka mia na kumi, na wageni wanatoka ng'ambo kuja kucheza hapa. Hiyo sifa nani anaimwagilia maji?

Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Matrekta yanaingia baada ya wiki tano. Niambie ulikuwa unafikiria nini.

Baba yako


Machi 9

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kazi inaendelea, baridi ya huku imepungua. Mpe mama pole ya goti.

Umemaliza kufoka? Sasa nisikilize. Ofisi yetu ililetewa mifuko kumi na nane ya majani na udongo wake. Nikaifungua mmoja mmoja. Mizizi mifupi kama kucha, ukungu, kuvu. Hata mfuko mmoja mzima sikuuona. Ungetaka niandike nini? Niandike majani ni mazuri kwa sababu ni ya baba? Sikukwambia kwa sababu ofisi hairuhusu, na sikuwaambia wao kwamba msimamizi wa majani wa klabu hiyo ni baba yangu, maana wangeninyang'anya kazi hiyo. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini niliyoyaandika niliyaona kwa macho yangu.

Na nikwambie kingine, kwa kuwa tunaambiana. Nilipoandika neno "zing'olewe", sikusita hata kidogo. Unaikumbuka siku mama alipoanguka, nami nina miaka tisa, nikaja mbio kukuita? Nilipita mlango wa mbele wa klabu. Yule mwenyekiti wenu, Kofia Nyeupe, akanishika sikio akanizungusha mpaka mlango wa jikoni. Ukatoka. Ukaniona nalia. Ukamwomba radhi YEYE. Miaka thelathini na moja unayabembeleza majani ambayo huruhusiwi kuweka mpira juu yake, halafu mimi ndiye msaliti?

Halafu niulize: aliyekata sampuli zile ni mlevi gani?

Binti yako


Machi 11

Mwanangu,

Sisi wazima.

Nilizikata mimi.

Katibu alisema zinapelekwa kwa wataalamu, nchi za mbali, watazame majani yana afya gani. Hakusema nikate vipi. Nikajisemea, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akienda kwa daktari haonyeshi mguu mzima, anaonyesha kidonda. Basi nikazunguka siku mbili, kila grini nikatafuta pale panapouma: kona ya kivuli, ukingo maji yanapotuama, pale mashine inapogeuzia. Nikakata hapo hapo. Nikajiona nimefanya kazi nzuri kweli! Nilitaka dawa, nikaletewa hukumu ya kifo.

Lakini wewe nawe! Daktari gani haulizi "unaumwa wapi"? Umesoma miaka yote hiyo, ukaona mifuko kumi na nane yote mibovu, usijiulize mbona yote? Anayemlaza mgonjwa bila kumuuliza neno si daktari, ni mchimba kaburi.

Baba


Machi 24

Shikamoo baba,

Niko salama, ila sijalala vizuri. Natumaini nyumbani hamjambo.

Baba, hapa mtu hukata sampuli bila kuchagua, popote kisu kinapoangukia. Ni jambo la siku ya kwanza darasani. Halikunijia kabisa kwamba kuna mtu angechagua vidonda tu. Ingebidi linijie, kwa sababu nakujua. Hata daftari zangu za shule ulikuwa ukifungua, unakwenda moja kwa moja kwenye makosa.

Nimeiandikia kamati ya klabu kwa jina langu, na kwamba mimi ni binti yako. Nimesema ripoti haifai, sampuli zilitoka sehemu mbovu peke yake, zikatwe upya kabla trekta halijagusa kitu. Nimesema kosa ni langu kwa kutouliza. Na ofisini nimemweleza mkubwa wangu kila kitu, pamoja na kwamba wewe ni baba yangu. Anasubiri jibu la klabu. Wakithibitisha, nitaonywa tu. Wasipothibitisha, atadhani nimetunga uongo ili nikuokolee majani yako.

Wewe sikutaji kama mkataji. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu, na nyumba mnayokaa ni ya klabu. Wasipokuuliza, nyamaza. Wakikuuliza, sema kweli. Ndilo ombi langu pekee.

Bado nimekasirika. Lakini kuhusu majani, ulikuwa sahihi.

Binti yako


Aprili 17

Baba,

Shikamoo. Sijui mnaendeleaje kwa sababu hujanijibu wiki tatu, na mama akipokea simu anasema uko uwanjani.

Jibu la klabu limefika ofisini leo. Nakunukulia: "Tumemuuliza msimamizi wetu wa majani mbele ya kamati. Amesema sampuli zilikatwa kwa utaratibu na hajui kasoro yoyote. Kwa hiyo kazi imeanza kama ilivyopangwa."

Hajui kasoro yoyote!

Mkubwa wangu alinisomea sentensi hiyo mara mbili, taratibu, huku akinitazama. Kisha akaniambia nikusanye vitu vyangu. Kwao mimi ni mwongo, nimebuni kisa kwa ajili ya baba, na baba mwenyewe amenikana. Hakuna maabara itakayopokea tena kazi yenye sahihi yangu.

Nilikwambia unyamaze, baba. Sikukwambia unikane. Hii ni mara ya pili unamchagua Kofia Nyeupe, na safari hii mimi si mtoto wa miaka tisa. Usinitumie salamu. Usimtume mama.


Mei 2

Mwanangu,

Sitakusalimu, umekataa. Lakini barua hii isome mpaka mwisho, kisha uifute ukitaka.

Waliniita chumba cha kamati. Wao tisa wameketi, mimi nimesimama. Kofia Nyeupe akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mzee, binti yako anasema sampuli zilikatwa vibaya. Nani alikata?" Jibu lilikuwa mdomoni. Nikaifikiria nyumba, nikaufikiria ule mwaka mmoja. Halafu nikafikiria watakavyocheka, fundi wa miaka thelathini na moja hajui hata kukata kipande cha majani. Nisikudanganye, ni hilo la mwisho lililonishinda. Si woga wa njaa, ni kiburi. Nikasema zimekatwa kwa utaratibu. Wakaniambia asante. Nilitoka pale nikiwa nimekuuza wewe, nimeuza na majani, na hata sikujua bei.

Matrekta yakaingia. Nilisimama kila siku nikitazama kama mjinga. Walipoing'oa grini ya saba, dereva akashuka, akachukua bonge moja, akalitikisa. Mizizi myeupe, safi, mirefu kuliko kiganja changu. Akaniuliza: "Mzee, haya ndiyo mabovu?" Yule hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu. Nikakaa chini pale pale kwenye udongo, mzee mzima, nikajichukia.

Jumatatu nikaenda kwa kamati bila kuitwa. Walikuwa wanakunywa chai. Nikawaambia nilizikata mimi, nilichagua vidonda, niliwadanganya, na binti yangu alisema kweli tupu. Kofia Nyeupe akasema, "Mzee, ungesema mapema." Nikamwambia ndiyo, na wewe ungeuliza mara ya pili, lakini ulishaagiza majani yako. Nilimpandishia sauti. Sauti hiyo ilipaswa kutoka zamani, nikiwa na nguvu na wewe ukiwa mdogo. Najua imechelewa.

Wamesimamisha kazi. Grini kumi na moja zimekwisha, zimebaki saba, na hizo zitapimwa upya na watu wengine. Mimi nimefukuzwa. Tunahama Jumamosi, tunakwenda kwa mjomba wako. Ungamo langu nimeliandika kurasa mbili, nikatia sahihi mbele ya katibu. Nimelituma kwa mkubwa wako, nakala iko chini ya barua hii. Sijui kama atakurudisha. Kama hatakurudisha, angalau kuna karatasi inayosema nani alikuwa mwongo.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa wewe nisingesamehe haraka hivyo. Mama yako anafunga vyombo katika magazeti, na kila akimaliza kikombe ananitazama. Amesema hatazungumza nami mpaka wewe ujibu, na unamjua, huyu akisema amesema. Siku ya nne leo.

Jibu, mwanangu. Hata kwa kunitukana.

Baba yako