Nyama Ikinyamaza

Mama Hodan,

Salaam aleikum, huko ulikotangulia. Najua hutanijibu, na hii ni mara ya kwanza tangu nikuoe kupata nafasi ya kumaliza hadithi bila kukatizwa. Usijali, nitaifupisha. Haya, nitajaribu.

Tumeshinda. Naanza na mwisho kwa sababu hadithi zangu za safari ulikuwa unazichoka kabla lori halijafika hata Ngaremara. Heero ya Hodan, chombo chetu cha nyama kilichovikwa na kufungwa mafundo, ilifunguliwa jana, siku ya saba baada ya harusi, hapa hapa uani kwetu Kiwanjani. Watu wa bwana harusi wamerudi kwao Chechelesi wakiwa na jasho, wameshiba, na hawana la kusema. Na nyirinyiri iliyokuwa ndani, ile nyama kavu ya kukaangwa, Mama Hodan, niliipika mimi.

Cheka kwanza. Nangoja.

Umemaliza? Basi sikiliza.

Unakumbuka ulivyoniambia wiki ile ya mwisho, ukiwa umeegemea mito mitatu na sauti imebaki kidogo: "Heero ya Hodan itoke jikoni kwangu." Mimi nikajibu, "Itatoka, wacha wasiwasi," kama mtu anayeahidi kubadilisha gurudumu. Sikujua nimeahidi nini. Mimi mtu wa lori. Miaka yote ile nilikula nyirinyiri yako njia nzima mpaka Moyale, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mkebe, na sikuwahi kujiuliza nyama ya ngamia inafanywaje ikae mwezi mzima kwenye joto la gari bila kuharibika. Nilidhani ni tabia yake.

Posa ilipokuja, dada yako Kaltuma alikaa kwenye kiti chako (nilimwacha, alikuwa na huzuni) akasema jambo limekwisha: nyirinyiri itaagizwa Nairobi, inakuja imefungwa vizuri kwenye ndoo, siku hizi kila mtu anafanya hivyo. "Dada hakumfundisha mtu," akasema. "Alikuwa anatufukuza jikoni sisi wote. Sasa nani atapika? Wewe?" Wakacheka yeye na shangazi zake Hodan mpaka wakashika mbavu. Hodan hakucheka. Alikuwa anakunja nguo zako za sala, akasema polepole bila kuinua macho, "Aabo, ya hooyo haikuwa inanunuliwa."

Basi. Baba ni nani mbele ya binti anayemtaja mama yake hivyo? Nikasema nitapika. Kaltuma akaniambia chombo cha mti cha mama yenu, kile cha heero, kina heshima yake, nikikijaza aibu hatanisamehe duniani wala akhera. Tukakubaliana: nikishindwa, anaagiza.

Mara ya kwanza sikufika hata kwenye moto. Nilinunua paja zuri la ngamia, nikalichana mikanda mirefu kama nilivyokuona, nikatia chumvi, nikaianika kwenye kamba ya nguo. Halafu nikaenda kunywa chai kidogo tu na wenzangu. Unanijua na kidogo yangu. Niliporudi, mwewe walikuwa wamefanya harusi yao wenyewe. Walikuwa wameniachia vibanio.

Mara ya pili nikakaa hapo hapo chini ya kamba na fimbo, siku mbili, kama mchungaji wa mbuzi waliokwisha kufa. Nyama ikakauka vizuri. Nikaikata vipande vidogo kama punje za maharagwe, kidole kimoja nikakipoteza kidogo, nikateleka sufuria ya mafuta. Redio ilikuwa imewashwa. Guyo, yule tuliyekuwa tukipokezana naye usukani, akanipigia simu kuuliza hali, nami nikamweleza hali. Nikamweleza mpaka moshi ukatoka dirishani. Mama Kendi wa duka akavuka barabara akikimbia, akachungulia sufuria, akashika kiuno. "Baba Hodan, unapika ama unatengeneza lami?"

Nilikaa kwenye kile kigoda chako, nikaangalia kokoto zangu nyeusi, nikajisemea kesho nampigia Kaltuma simu aagize.

Nikwambie jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Tangu uondoke, redio ya nyumba hii haipumziki. Nikirudi kutoka sala ya alfajiri naiwasha. Habari, mashairi, bei ya ng'ombe, hata idhaa za lugha nisiyoijua, yote sawa. Nikiizima nasikia nyumba. Na nyumba ikisikika, wewe hupo. Kwa hivyo inaongea yenyewe, naongea mimi, na tunasukuma siku. Wewe mwenyewe si uliniita Redio? "Redio, punguza sauti." "Redio, betri zako haziishi?" Nilijua nikikaa na redio ya kweli tutaelewana.

Sasa Mama Kendi, badala ya kwenda zake, akaegemea mlango akasema kitu. "Unajua sisi tulikuwa tunajua vipi leo Mama Hodan anapika nyirinyiri? Huku kwenu kunakuwa kimya. Redio imezimwa, na wewe pia umezimwa. Tunasema, leo hiyo nyumba imetulia, lazima kuna nyama."

Mama Hodan, nilisimama kutoka kwenye kile kigoda kama nimekalia nge.

Kwa sababu nilikusikia. Nilikusikia wazi, umeinamia sufuria, mwiko umeinuliwa kama askari anayesimamisha gari: "Redio, nyamaza! Nyama inaongea. Ikinyamaza, iko tayari." Miaka ishirini na sita ulinifukuza jikoni kwa maneno hayo, nami nikatoka nje nikinung'unika, nikiwaambia watu mke wangu anapenda nyama kuliko mazungumzo ya mumewe. Nilidhani unanitania. Nilidhani ni mchezo wa maneno tu, nyama na kunyamaza. Kumbe hukuwa unanifukuza. Ulikuwa unanifundisha, na mwanafunzi alikuwa anaongea.

Mara ya tatu, basi. Nilinunua paja lingine, nikaanika, nikalilinda, nikakata. Nikafungia simu kwenye sanduku. Halafu nikaenda mpaka kwenye redio, na nakiri mkono ulichelewa kidogo. Nikaizima.

Nyumba ikasikika. Sitasema uongo, niliketi na nikalia kama dakika mbili, kisha nikawasha moto kwa sababu kulia na kisu mkononi si jambo la mtu mzima.

Na nyama ikaanza kuongea. Kwanza ilipiga kelele kama mvua kwenye mabati, huwezi kusikia kitu kingine. Halafu ikashuka, ikawa kama wazee wanaobishana nje ya msikiti, huyu anaanza, yule anadakia. Nikakoroga. Kila nikitaka kufungua mdomo kuisifu nilikumbuka mwiko wako. Ikashuka tena, minong'ono tu. Kisha sauti moja moja, tak, kimya kidogo, tak. Maji yote yalikuwa yamekwenda. Nikainama kama wewe, sikio upande. Tak.

Halafu ikanyamaza.

Nikaipua. Nikamwaga mafuta, nikatia samli, iliki, kitunguu saumu, kama harufu yako ilivyonielekeza, maana harufu naikumbuka kuliko sala. Nikaonja punje moja nikiwa nimesimama. Nje inavunjika, ndani laini. Nikaonja ya pili kuhakikisha. Ya kumi na mbili ndiyo iliyonihakikishia kabisa. Nilitoka nje nikampungia Mama Kendi ngumi zote mbili juu kama mtu aliyeshinda kura.

Nyama nilijaza mimi kwenye chombo cha mama yenu. Tende zilizopondwa alizipaka Kaltuma juu yake, akilamba vidole vyake akidhani simwoni. Alipokwisha kutia chombo kikapuni na kukivika kitambaa cheupe akataka kufunga kamba, nikamwambia hapana, kamba ni zangu. Kama kuna kitu kimoja duniani ninachokijua ni kufunga mzigo. Nikafunga fundo la turubai, lile lililovumilia barabara ya Marsabit kabla haijapata lami, nikalificha chini ya mikunjo.

Jana wakaja. Unajua sharti: watu wa bwana harusi wafungue kamba, bila kisu na bila meno. Kaltuma amesimama kando na kifimbo chake, anayekosea anachapwa, na mikono yake haijazeeka hata kidogo. Wakajaribu vijana. Akajaribu baba wa bwana harusi. Ami yake bwana harusi, mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akavua, akavaa tena, akasema fundo hili si la Kiislamu. "Vuta basi, mwalimu! Ama tukuletee kitabu?" shangazi zake Hodan wakamwimbia. Kivuli cha ukuta kilihama kikawaacha juani. Mwishowe wakanyoosha mikono, tumeshindwa, tunaomba. Nikaenda taratibu, nikashika ncha ile ambayo wote waliiona na hakuna aliyeigusa, nikavuta kwa vidole viwili. Likafunguka lote. Vigelegele vilisikika, naamini, mpaka huko uliko.

Lakini bado si huo ushindi.

Bibi yake bwana harusi, ayeyo Dahabo, aliyekula harusi zote za mji huu, ndiye aliyeonja kwanza. Akaweka punje mdomoni, akatafuna polepole kwa yale meno yake machache. Akafumba macho. Kisha akasema, "Huu mkono naujua. Huu ni mkono wa Habiba. Kwani aliiweka kabla ya kufa?"

Hodan akaanza kulia huku anacheka. Kaltuma, yule yule Kaltuma, akaninyooshea kifimbo. "Si Habiba. Ni huyu. Ni Redio." Ayeyo akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, akachota kijiko kingine. Wote wakanigeukia wakingoja niseme, maana ni lini nimewahi kukosa la kusema mbele ya watu? Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. "Ongea basi!" Kaltuma akasema. Sikuweza. Nilisikia tu ua mzima ukitafuna mkono wako.

Sasa Hodan amekwenda kwake na mkebe uliobaki. Nimeahidi kumfundisha, na nimemwambia somo la kwanza ni gumu kuliko kisu na moto. Akauliza ni lipi, nikamwambia utalijua ukifika jikoni na baba yako akafunga mdomo.

Nawe nakuahidi hivi. Nyirinyiri sitaiagiza Nairobi. Chombo cha mama yenu kitakaa kwenye rafu yako, kimeoshwa, kikingoja mjukuu. Na redio nimeiweka kabatini tangu jana. Nimegundua nyumba ikisikika, hupo mbali kama nilivyoogopa. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru, Habiba. Pumzika.

Nilikuwa na mengine ya kukuambia. Lakini niko tayari sasa, kwa hivyo nanyamaza.

Redio wako